Pulp: bendi iliyosubiri miaka 17

Ndugu mwenyekiti, wasanii wenzangu, walimu wetu, na nyote mliofika jioni hii, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie bendi moja ya roki ya Uingereza, na bendi yenyewe nikaachiwa nichague. Najua wapo waliotarajia niwataje Radiohead, au The Cure, au Oasis. Nimewachagua Pulp, wa Sheffield. Humu ukumbini wengi wetu tuna nyimbo ambazo bado hazijapata masikio, na hawa wenzetu walianza mwaka 1978 wakaja kuvuma mwaka 1995. Katikati hapo ni miaka 17. Wanaosimulia habari za Pulp huivuka miaka hiyo kwa sentensi mbili tatu, kisha hukimbilia kwenye matamasha na tuzo. Mimi nasema kazi yenyewe ilifanyika humo humo, kwa hiyo mniwie radhi nikikawia huko.

Tuanze na mji. Sheffield uko kaskazini mwa Uingereza, na ni mji wa chuma. Ni hapo Harry Brearley alipotengeneza chuma kisichoshika kutu, mwaka 1913. Lakini vijana tunaowazungumzia walifikia umri wa kutafuta kazi wakati viwanda vinafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1980 wafanyakazi wa viwanda vya chuma waligoma nchi nzima. Mwaka 1984 wachimbaji wa makaa ya mawe nao wakagoma, wakakaa nje karibu mwaka mzima, na Russell Senior, aliyekuwa amejiunga na Pulp kupiga gitaa na fidla, alikwenda kusimama nao kwenye mistari yao ya mgomo. Makumi ya maelfu ya watu wa mji ule walipoteza kazi ambazo baba na babu zao walikuwa wamezifanya.

Jarvis Cocker alizaliwa hapo mwaka 1963. Akiwa na miaka 5 aliugua homa ya uti wa mgongo, ikamwachia macho dhaifu na miwani minene. Akiwa na miaka 7 baba yake aliondoka nyumbani akahamia Australia, na kijana akalelewa na mama yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa mitumba. Akiwa mwanafunzi wa miaka 15 katika shule ya City School aliunda bendi na mwenzake Peter Dalton. Jina la kwanza lilikuwa Arabicus Pulp, na sehemu ya kwanza waliitoa kwenye kipindi cha uchumi, katika orodha ya bidhaa zinazouzwa kwenye soko la dunia: ni kahawa ya arabika, ile ile ya kwetu Kilimanjaro. Baadaye wakabakiza Pulp peke yake. Onyesho lao la kwanza la hadhara walilifanya mwaka 1980 Rotherham, mji jirani.

Mwaka 1981 mtangazaji John Peel wa BBC, mtu aliyekuwa na uwezo wa kuifungulia bendi mlango kwa usiku mmoja, alipita Sheffield. Jarvis akamfuata, akamkabidhi kaseti. Haukupita muda, simu ikapigwa: waje London kurekodi kwa ajili ya kipindi chake. Watoto wa shule! Walikwenda, wakarekodi mwezi Novemba, nyimbo zikachezwa redioni nchi nzima. Nadhani kila mmoja wetu hapa anajua moyo wa kijana unavyokuwa siku kama hiyo.

Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Wenzake waliomaliza shule wakaenda vyuo vikuu, bendi ikasambaratika. Jarvis akabaki na jina. Mwaka 1983 akatoa albamu ndogo iitwayo It, ya nyimbo za upole, na watu wachache sana wakainunua. Akaunda kundi upya akiwa na Russell Senior, na mwaka 1984 akaingia Candida Doyle kwenye kinanda. Huyu dada namheshimu sana. Alipata ugonjwa wa baridi yabisi tangu akiwa na miaka 16, ugonjwa wa maungio ya mikono kwa mtu ambaye kazi yake ni vidole, na hadi leo bado anapiga. Kwenye drams akaja Nick Banks, ambaye baba yake mdogo ni Gordon Banks, golikipa wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966. Kuanzia simu ile ya kwanza hadi walipoitwa tena na John Peel kurekodi ilipita miaka 12.

Sasa naomba tusimame kwenye tukio moja la mwishoni mwa mwaka 1985. Jarvis alikuwa na miaka 22. Alikuwa kwenye chumba cha ghorofani na msichana aliyetaka kumpendeza, akaamua kuiga Spider-Man: atoke dirishani, aning'inie nje ya ukuta, aingilie dirisha la pili. Akatoka, akaning'inia. Mikono ikaisha nguvu. Kusogea hawezi, kurudi hawezi. Akaanguka hadi chini, akavunjika nyonga, mguu na kifundo cha mkono. Alilazwa hospitali wiki kadhaa, na maonyesho yaliyofuata aliyafanya akiimba ameketi kwenye kiti cha magurudumu.

Jarvis mwenyewe ameeleza kilichotokea kichwani mwake akiwa kitandani pale. Miaka yote alikuwa akitunga akiangalia juu, akitafuta mambo makubwa, mambo ya mbali, maneno ya kishairi ambayo hayakuwa maisha yake. Pale wodini, kati ya wagonjwa wenzake na habari zao, akaona kwamba nyimbo zilikuwa zimemzunguka tangu utotoni. Kuanzia hapo ukisikiliza mashairi yake unakutana na vitu unavyoweza kuvigusa. Kuna wimbo wa Disco 2000, juu ya rafiki yake wa utotoni aliyeitwa Deborah, msichana ambaye wavulana wote walimtaka na yeye hakuwahi kumwambia. Humo ndani anataja karatasi ya ukutani ya nyumba yao, ile yenye chembe za mbao iliyokuwa imebandikwa kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini Uingereza nzima. Mtu aliyekulia nyumba ya aina hiyo akisikia mstari ule anajua papo hapo kwamba mwimbaji hadanganyi. Katika wimbo wa Babies kijana anajificha kabatini kwenye chumba cha dada wa rafiki yake. Mambo ya aibu, mambo madogo, yamesemwa yote kama yalivyo.

Wasanii wenzangu, nawaomba mlipokee hili kwa uzito. Studio ilikuwa ile ile duni, pesa ilikuwa bado haipo. Kilichobadilika ni mahali mtunzi alipoelekeza macho.

Lakini hapa pana swali ambalo mashabiki huwa hawaliulizi, na mimi nataka tuliulize kwa sauti. Mtu huyu aliishi kwa nini miaka yote hiyo? Albamu ya Freaks ya mwaka 1987 haikumlipa. Albamu ya Separations walianza kuirekodi mwaka 1989, ikakaa kabatini kwa kampuni hadi mwaka 1992. Nani alikuwa akimlisha?

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba umma ulimlisha. Katika Sheffield ya miaka ile Jarvis aliishi kwa posho ya wasio na kazi, na kwa muda alikaa kwenye jengo la kiwanda kilichoachwa, ambako hakuna mwenye nyumba aliyemsumbua kwa kelele za ngoma. Halmashauri ya eneo iliweka nauli ya basi chini kabisa hadi mwaka 1986, kijana asiye na kitu akaweza kuzunguka mji mzima, aone mitaa, asikie watu. Mwaka 1988 alipochoka na kuhamia London kusomea filamu katika chuo cha Saint Martins, wanafunzi wa Uingereza walikuwa hawalipi ada, na wasio na uwezo walipewa fedha za kujikimu. Ada zililetwa mwaka 1998. Ninaposikia watu wakisema kipaji hakizuiliki, kwamba mwenye nacho atatoboa tu, huwa nakasirika. Kipaji kinahitaji muda, na muda una bei. Kama Jarvis angetakiwa kufanya kazi saa 12 kila siku ili apate kodi ya chumba, leo nisingekuwa na hotuba ya kuwapa.

Na ni chuoni pale Saint Martins alipokutana na mwanafunzi kutoka Ugiriki, binti wa familia yenye uwezo, aliyemwambia kwamba anatamani kwenda kuishi kama watu wa kawaida. Neno hilo likamkaa moyoni miaka kadhaa. Siku moja alipeleka santuri zake za zamani kwenye duka la vitu vilivyotumika, eneo la Notting Hill, akatoka na kinanda kidogo cha Casio. Akaanza kubonyeza, ikatoka tuni ya noti chache, rahisi kupita kiasi. Alipowapigia wenzake tuni hiyo, Steve Mackey, mpiga besi, alimcheka. Candida ndiye aliyesikia kwamba pale pana kitu.

Hiyo ndiyo Common People. Nitawaeleza inavyokwenda. Msichana tajiri anamwambia kijana maskini kwamba anataka aishi kama walalahoi. Kijana anamchukua hadi supamaketi, kwa sababu hajui pengine pa kuanzia, na kumwambia ajifanye hana pesa. Binti anacheka. Kijana anaangalia pembeni: humo dukani hakuna mwingine anayecheka. Kutoka hapo hasira inaanza kupanda taratibu. Anamwambia akodi chumba juu ya duka, akate nywele, atafute kazi, avute sigara, acheze mabilidi, na hata hivyo hatapata anachokitafuta, maana usiku akilala na kuona mende wanapanda ukutani, simu moja tu kwa baba yake itamaliza yote. Na muziki nao unaongeza mwendo. Sikilizeni kwa makini: wimbo unaanza kwa mwendo wa mtu anayezungumza, na kila ubeti drams za Nick Banks zinazidi kukaza, hadi mwishoni bendi nzima inakimbia na Jarvis karibu anapiga kelele. Hasira inajengwa na mwendo wa wimbo wenyewe kabla hata maneno hayajamaliza.

Kwa nini ulipasua nchi? Miaka ile gazetini na kwenye televisheni za Uingereza ilikuwa imeanza kuwa fasheni kuwatazama maskini kama mandhari ya kufurahisha. Watu wa mjini wenye pesa walivaa kama wafanyakazi wa viwandani, viwandani kwenyewe kumefungwa. Jarvis aliuona ule utalii, na alikuwa na haki ya kuusema, kwa sababu ukuta ule wenye mende alikuwa ameulalia.

Wimbo ulitoka Mei 1995, ukafika nafasi ya 2 kwenye chati ya Uingereza. Nafasi ya 1 ilishikwa na Robson na Jerome, waigizaji wawili wa televisheni walioimba upya wimbo wa zamani wa mapenzi. Sina la kuongeza hapo.

Mwezi uliofuata likaja la Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la Uingereza. Bendi ya The Stone Roses ndiyo iliyokuwa ifunge Jumamosi ya tamasha, lakini mpiga gitaa wao John Squire alivunjika mfupa wa bega akiendesha baiskeli. Pulp wakaombwa wajaze nafasi, wakiwa na siku chache tu za kujiandaa. Tarehe 24 Juni wakapanda kwenye jukwaa kubwa mbele ya umati usiohesabika, na wakathubutu kupiga nyimbo tatu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzisikia, Disco 2000 ikiwa mojawapo. Kabla ya wimbo wa mwisho Jarvis aliwaambia watu kwamba wao wamefika pale baada ya miaka 15, na kwamba ikiwa mtu kama yeye ameweza, na wao wanaweza. Kisha Common People ikaanza, na uwanja mzima ukaimba maneno yote. Wimbo ulikuwa na umri wa mwezi mmoja.

Albamu ya Different Class ilitoka Oktoba mwaka huo, ikashika nafasi ya 1, na Uingereza peke yake ikauza zaidi ya nakala milioni 1. Mwaka 1996 ikapata Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka, na fedha za tuzo wakazitoa kwa War Child, shirika linalosaidia watoto walioathiriwa na vita. Kwenye jalada lake wamepigwa picha za watu wa kawaida kwenye mambo yao, harusi kwa mfano, na wanabendi wamewekwa humo kama sanamu za karatasi ngumu. Ndani ya jalada kuna maelekezo mafupi: tafadhali usisome mashairi huku ukisikiliza. Nawapenda kwa sentensi ile. Mtunzi aliyesubiri miaka 17 ili asikilizwe anakuomba umpe masikio yote mawili.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mtatofautiana na mimi. Tarehe 19 Februari 1996, kwenye tuzo za Brit, tuzo za muziki za Uingereza, katika ukumbi wa Earls Court, London, Michael Jackson aliimba Earth Song. Michael ni wetu sote. Sehemu ya video ya wimbo huo ilipigwa hapa hapa Tanzania. Jukwaani alisimama kwa nguo nyeupe, mikono ameitanua, watoto na watu wazima wakimjia awabariki. Jarvis, aliyekuwa ameketi mezani kama mgeni mwingine yeyote, akaamka na rafiki yake wakakimbilia jukwaani. Akainama, akawageuzia watazamaji mgongo, akapunga mikono nyuma yake, akakimbizwa. Usiku ule polisi walimshikilia kwa madai kwamba amewaumiza watoto waliokuwa jukwaani. Aliyesimama naye kituoni ni mchekeshaji Bob Mortimer, ambaye zamani alikuwa mwanasheria. Picha za kamera nyingine zikaonyesha kwamba hakuwagusa watoto, na hakushtakiwa kamwe.

Mimi nimekua na Michael, na bado namwelewa Jarvis. Alisema alichokipinga ni msanii kujiweka mahali pa Masihi. Mtu ambaye maisha yake yote ameandika juu ya karatasi za ukutani na kabati za nguo asingeweza kukaa kimya mbele ya jambo lile. Hata hivyo usiku ule ulimgharimu. Kuanzia hapo magazeti ya udaku hayakumwacha apumue, na yule aliyekuwa bingwa wa kutazama watu akageuka mtu wa kutazamwa. Hawezi tena kuingia supamaketi akasimama pembeni akasikiliza. Kwa mtunzi wa namna yake hilo ni sawa na kunyang'anywa zana za kazi.

Mwanzoni mwa mwaka 1997 Russell Senior aliondoka. Mwaka 1998 wakatoa This Is Hardcore, albamu nzito, ya uchovu, ya hofu, ya mtu aliyefika sherehe aliyoiota na kukuta haina ladha. Ilifika nafasi ya 1 lakini haikuuza kama iliyotangulia, na wengi waliokuja kwa ajili ya kucheza waliondoka. Mimi naiweka juu kabisa. Ingekuwa rahisi kabisa kutengeneza Common People ya pili, na kampuni ingefurahi. Wao wakaandika juu ya kilichokuwa karibu nao wakati ule, na kilichokuwa karibu kilikuwa kichungu. Albamu ya We Love Life ya mwaka 2001, iliyosimamiwa studio na mwimbaji Scott Walker, niipite kwa heshima: wapo humo miti, mito na jua, na inasikika kama watu waliotoka nje kupunga hewa.

Desemba 2002 walifanya onyesho la kufunga kazi huko Rotherham, mji ule ule walikoanzia, ndani ya Magna, jengo kubwa ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha chuma na sasa ni kituo cha maonyesho ya sayansi. Wakaachana bila tangazo na bila ugomvi.

Walirudi kupiga pamoja mwaka 2011, wakapumzika, wakarudi tena mwaka 2023. Mara hii Steve Mackey alikuwa ameshasema hatashiriki, na tarehe 2 Machi mwaka huo alifariki, akiwa na miaka 56. Yule aliyeicheka tuni ya Casio ndiye aliyekuja kuipiga besi yake kwa miaka yote. Waliobaki waliendelea na ziara, na humo safarini nyimbo mpya zikaanza kuzaliwa. Juni 2025 wakatoa albamu iitwayo More, ya kwanza baada ya miaka 24, wakaitoa kwa kumbukumbu ya Steve. Waliirekodi kwa wiki tatu tu. Ikashika nafasi ya 1 Uingereza, wao wenyewe wakiwa wameshapita miaka 60 au wanaikaribia. Mwisho wa mwezi huo huo wakapanda tena Glastonbury, jina kwenye ratiba likiwa limefichwa, miaka 30 baada ya usiku ule wa bahati.

Nimemaliza yangu. Fundi mitambo ameshaweka nyimbo nne, na tutazisikiliza kwa mpangilio huu: Babies, Common People, This Is Hardcore, na Spike Island ya mwaka 2025. Mashairi nimeyachapisha, yako mezani pale mlangoni, lakini nawaomba myachukue mkishasikiliza. Baadaye anayetaka kubishana nami juu ya Michael, niko hapa hapa hadi ukumbi ufungwe.

Asanteni sana.